Mwalimu wa Ushauri na Mlango wa Chuo

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Tarime na Serengeti. Limeandikwa kama lilivyosomwa.)

Nawasalimu ninyi mlioko Nyamwaga, Sirari na Nyamongo, nanyi mlioko Mugumu, Nata na Issenye, na wengine wote mliokaa mmeizunguka redio. Kalamu ziwe tayari. Mwalimu wa darasa naye awe na chaki mkononi, maana leo nitamwomba aandike ubaoni mara mbili au tatu.

Juma lililopita mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza swali. Alisema: “Bwana Elimu, mwanangu yuko Kidato cha Sita. Kila akirudi likizo ananiambia, mwalimu wa ushauri amesema hivi, mwalimu wa ushauri amesema vile. Huyu mwalimu wa ushauri ni nani, na ana haki gani ya kumshauri mwanangu, nami mama yake nipo?” Nilipenda swali lile. Tena nilimwahidi kwamba nitalijibu hapa redioni ili lisikike na wengi. Basi mama, kama unanisikiliza, hili ndilo jibu lako.

Katika shule ya sekondari, mwalimu wa ushauri, ambaye wengine humwita mwalimu wa malezi na unasihi, ni yule aliyepewa kazi ya kuwasaidia wanafunzi katika mambo yasiyofundishwa ubaoni. Moja ya mambo hayo ni hili kubwa: mtoto akimaliza shule aende wapi? Aende chuo gani, asomee nini, na fedha itoke wapi? Katika nchi nyingine hiyo ni kazi ya mtu mzima peke yake. Kule Marekani shule kubwa huwa na washauri wasiofundisha somo lolote, na chama chao kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Huku kwetu mwalimu wa ushauri anafundisha Jiografia asubuhi, anasahihisha madaftari mchana, na jioni ndipo wanafunzi wanapopanga foleni mlangoni kwake. Simlalamikii mtu. Nasema hivi ili mjue kwamba mkimwona mwalimu huyo amechoka, ana sababu.

Kazi yenyewe si ngeni katika Mara. Wazee wanaijua habari hii. Mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki alikuwa akicheza soro, yaani bao, na Mtemi Makongoro wa Ikizu. Mtemi yule aliiona akili ya mtoto katika mchezo, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto akaenda Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Akaendelea Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere. Baadaye, alipokuwa akifundisha St. Mary's kule Tabora, padre mmoja, Richard Walsh, alimtia moyo na kumsaidia kupata nafasi ya masomo Edinburgh, ambako alikwenda mwaka 1949. Mtoto huyo ni Mwalimu Julius Nyerere. Tazameni basi: mtu mmoja alimwona mchezoni na mwingine alimwona kazini, na kila mmoja alisema neno kwa wakati wake. Hiyo ndiyo kazi ya ushauri. Tofauti ya siku hizi ni kwamba neno jema peke yake halitoshi. Kuna fomu.

Tuanze na masomo. Wengi mnadhani habari ya chuo huanza Kidato cha Sita. Sivyo. Huanza mapema sana, wakati mtoto mwenyewe hajui kwamba imeanza. Akiingia Kidato cha Tatu akaacha Fizikia na Kemia kwa sababu rafiki zake wameziacha, basi mlango wa udaktari umefungwa siku ile, na haukupiga kelele ulipofungwa. Ndiyo maana mwalimu wa ushauri aliye hodari hukaa na watoto wa Kidato cha Pili, akawauliza mmoja mmoja: unataka kuwa nani? Na mtoto akijibu “daktari”, humwonyesha masomo yanayotakiwa.

Baada ya Kidato cha Nne mtoto hufuata mkusanyo wa masomo matatu ambao huitwa tahasusi. Mmesikia watoto wakisema “mimi PCB,” “mimi HGL.” Wanataja herufi za kwanza za majina ya masomo kwa Kiingereza. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza. Mwenye HGL anaweza kuwa mwanasheria au mwalimu, lakini hawezi kuomba udaktari hata akipata alama za juu namna gani. Wazazi wengine hugombana na mwalimu juu ya jambo hili. Baba anasema, “Mtoto wangu amefaulu vizuri, kwa nini mnamnyima udaktari?” Hakuna aliyemnyima. Njia aliyoshika tangu Kidato cha Tatu haikuelekea huko.

Sasa mwalimu wa darasa aandike ubaoni:

A ni 5. B ni 4. C ni 3. D ni 2. E ni 1.

Hizo ni pointi za mtihani wa Kidato cha Sita. Ili kijana aingie chuo kikuu kusomea shahada, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inataka awe amefaulu masomo mawili makuu yanayohusika na shahada anayoitaka, na pointi za masomo hayo mawili zisipungue 4. Tufanye hesabu. Kijana amepata C katika Historia na E katika Kiingereza: 3 na 1 ni 4. Amefika. Mwingine amepata D na D: 2 na 2 ni 4. Naye amefika. Wa tatu amepata D na E. Hebu jumlisheni wenyewe. (Mwalimu asubiri jibu.) Naam, ni 3. Huyo hakufika.

Lakini kufika kizingitini si kuingia ndani. Kila shahada ina masharti yake, na nafasi zikiwa chache wanachaguliwa wenye alama za juu. Udaktari unataka masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, yawe yamefaulu. Hapo ndipo ushauri unapofanya kazi. Mwalimu anamwambia kijana: omba kile unachokitamani, na chini yake omba kile unachoweza kukipata, usiweke mayai yote katika kapu la udaktari. Ni neno gumu kulisema kwa kijana wa miaka 19 ambaye kijiji kizima kimekwisha kumwita “dakta”. Mimi nimelisema mara nyingi, na sijapata kulizoea.

Na yule mwenye pointi 3? Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Anaweza kwenda kusoma stashahada katika chuo cha kati, na akifaulu vizuri huko, kwa wastani usiopungua 3.0, anaruhusiwa kuomba chuo kikuu kwa njia hiyo. Chuo Kikuu Huria nacho kina mafunzo ya msingi kwa watu wa namna hiyo. Wala si lazima kwenda mbali. Tarime tuna Chuo cha Ualimu. Mugumu kuna chuo cha afya cha Kisare. Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Hata aliyeishia Kidato cha Nne ana njia: akiwa amefaulu masomo manne, na kwa uuguzi Kemia, Biolojia na Fizikia ziwe miongoni mwake, anaweza kuomba chuo cha afya. Muuguzi aliyeanzia cheti na kupanda ngazi moja moja ninamheshimu sana.

Zamani kidogo, kuanzia mwaka 2010, maombi ya vyuo vikuu yalipitia mtambo mmoja wa Tume. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilika, na sasa mwombaji anaomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Jambo hili lina faida, maana anaweza kupata vyuo viwili au vitatu. Lakini lina mtego, nao unawahusu ninyi hasa. Sikilizeni vizuri.

Mwombaji akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, hapana budi athibitishe kimoja tu. Hutumiwa namba ya siri katika simu au barua pepe, naye huiingiza katika mtandao wa chuo alichokichagua kabla ya siku kupita. Sasa niambieni: namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya nani? Mara nyingi ni ya baba. Mtoto mwenyewe pengine yuko kambini Jeshi la Kujenga Taifa, maana wanaomaliza Kidato cha Sita huitwa huko baada ya mtihani wa Mei. Baba yuko mnadani anauza ng'ombe. Simu inalia, ujumbe unaingia, baba hajui kusoma, anadhani ni matangazo ya kampuni ya simu, anaufuta. Imetokea, tena zaidi ya mara moja. Ninyi mnaojifunza kusoma leo, siku mtakapoujua ujumbe ule kwa macho yenu, mtakuwa mmelipa ada ya darasa hili mara 100. (Najua darasa hili halina ada. Ni namna ya kusema tu.)

Sasa tuje kwenye fedha.

Ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na ya Kidato cha Tano na cha Sita ikaondolewa mwaka wa masomo 2022/23. Chuo kikuu bado kina ada, chakula, malazi na vitabu. Kwa asiye na uwezo iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi iko pia ruzuku iitwayo Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022/23, nayo hairudishwi. Mkopo wa Bodi unarudishwa. Aliyekopeshwa akipata kazi ya mshahara hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 15. Anayekatwa ni yeye aliyesoma. Nasema hivi kwa sababu wazee wengine wa huku wanaogopa kwamba Bodi itakuja kuchukua ng'ombe. Bodi haiji bomani kuswaga ng'ombe. Hata hivyo fomu inataka mdhamini, na mdhamini anaweka sahihi kwamba anamjua mwombaji na kwamba deni likikwepwa ataulizwa. Basi usiweke kidole gumba chako juu ya karatasi usiyoisoma. Soma, au somewa na mtu unayemwamini, kisha ndipo utie sahihi.

Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Inataka sahihi ya viongozi wa mtaa au kijiji. Kama kaya inasaidiwa na TASAF, lazima ionyeshwe. Hayo yote yana siku zake, na dirisha likifungwa limefungwa.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Kabla ya kuwa afisa nilifundisha katika shule moja ya wilaya hizi, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa ushauri. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike, hodari wa hesabu. Jina lake sitalitaja, lakini lilikuwa na herufi h ndani yake. Mnajua majina yetu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni: Bhoke, Boke. Ghati, Gati. Rhobi, Robi. Midomo inatamka jina lile lile. Karatasi haina midomo. Kwa karatasi hao ni watu sita.

Mwezi wa Machi msichana yule aliniletea cheti chake cha kuzaliwa niweke katika faili. Nilikipokea, nikakiangalia tarehe, nikakiweka. Sikukilinganisha na cheti cha Kidato cha Nne. Cha kuzaliwa kiliandikwa bila h, cha mtihani kiliandikwa na h. Akafaulu, akachaguliwa chuo kikuu. Maombi ya mkopo yakarudi kwa sababu ya jina. Tulipokuwa tukikimbia huku na huko kusahihisha, dirisha likafungwa. Chuo kilikuwa Dodoma, na nyumbani hapakuwa na fedha ya ada wala ya kuishi huko mwaka mzima. Akarudi nyumbani.

Mnajua maana ya msichana mkubwa kurudi nyumbani huku kwetu. Kabla mwezi haujaisha watu walikuja kuzungumza na baba yake habari za ng'ombe. Nilikwenda pale nikiwa na haya. Sikuwa na la kumwambia mzee ila kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nikipewa mwaka mmoja nitalitengeneza. Mzee alinyamaza muda mrefu, akachokonoa moto kwa kijiti. Kisha akaniuliza swali moja tu: “Herufi hiyo inafananaje?” Nikaichora chini kwenye vumbi. Akaitazama, akasema, “Kumbe ni hicho kijiti chenye kiti.” Wale wageni hakuwapa jibu lolote siku ile, wala baadaye. Cheti tulikisahihisha, mwaka uliofuata msichana akaomba tena, akapata chuo na mkopo. Lakini mwaka mmoja wa maisha yake nilimpotezea mimi, na nusura iwe zaidi.

Tangu hapo, kila nilipopokea cheti nilikiweka mezani kando ya kingine, nikaweka kidole juu ya kila herufi. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Tena fanyeni mapema, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, maana jina likishaingia katika vitabu vya Baraza la Mitihani ni kazi ngumu kulibadili. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa Tarime ni Tarime mjini, kwa Serengeti ni Mugumu.

Liko jambo jingine, na sitalipita kimya ingawa najua baadhi yenu hamlipendi. Kila Desemba wako wasichana wa wilaya hizi wanaokimbia nyumbani kwao kuepuka kukeketwa. Wanakwenda Masanga, wanakwenda nyumba ya hifadhi Mugumu. Sheria ya mwaka 1998 imekataza jambo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na sina haja ya kuifundisha leo. Ninachotaka mjue ni hiki: msichana huyo akifaulu, fomu itauliza sahihi ya mzazi, na mzazi amekasirika hataki kutia sahihi. Hapo mwalimu wa ushauri anakwenda kwa afisa ustawi wa jamii kutafuta mlezi wa kisheria, anapiga hodi ofisi hii na ile. Lakini nimeona pia mzazi aliyekuja mwenyewe shuleni baada ya miaka miwili ya kutosema na binti yake, akaomba kalamu. Mwalimu hakumuuliza kitu, alimpa kalamu.

Neno la tahadhari. Wako watu mjini wanaosema, “Nipe fedha, nitakupatia nafasi ya chuo.” Hakuna nafasi inayouzwa. Ada ya maombi hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, haiwekwi mkononi mwa mtu. Na mtoto akienda kwenye duka la intaneti kujaza fomu, mwenye duka asibaki na nywila yake. Nywila ni ufunguo. Nani huacha ufunguo wa nyumba kwa muuza duka?

Sasa namrudia yule mama aliyenisimamisha njiani. Uliuliza mwalimu ana haki gani. Hana haki ya kumchagulia mwanao, nawe huna haki ya kumchagulia mwalimu maneno. Nenda shuleni siku ya wazazi, mwambie mwalimu unachokijua juu ya mtoto wako ambacho yeye hakijui: kwamba huamka usiku kusoma, au kwamba haoni vizuri, au kwamba akiona damu huzimia na kwa hiyo habari ya uuguzi ifikiriwe tena. Naye atakuambia asichokuambia mtoto. Mwanafunzi wa kukaa bweni ana watu wawili ndani yake, mmoja yuko nyumbani na mmoja yuko shule.

Kazi ya juma hili. Kila mwenye mtoto shuleni, awe darasa la kwanza au Kidato cha Sita, atafute cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo na daftari lake moja la shule. Aje navyo darasani. Mtaandika jina la kwanza, la pili na la tatu kutoka kwenye cheti, na chini yake mtaandika yale yaliyo kwenye jalada la daftari, herufi chini ya herufi. Pasipolingana mpige mstari, na mwalimu wa darasa aandike orodha ya wenye mistari aniletee ofisini. Asiye na cheti kabisa aje pia, aandike jina la mtoto kama anavyotaka liandikwe.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.